Kompyuta inafungua, simu inakataa: kutafuta kosa la cheti kwenye barua pepe ya ofisi

Simu hulia saa mbili asubuhi, na mara nyingi anayepiga ni wa uhasibu. "Fundi, simu yangu inasema cheti si salama. Nibonyeze Endelea?" Hapana dada, usibonyeze kwanza. Webmail inafunguka kwenye kompyuta? Inafunguka. Kutuma barua kwenye simu kunakubali? Kunakubali. Kupokea? Hapo ndipo panapogoma. Kwa majibu hayo matatu nimeshajua nusu ya ugonjwa, na seva bado sijaigusa.

Tumezoea kusema "cheti cha seva" (faili linalothibitisha kwamba seva ni kweli ile inayojiita) kana kwamba ni kitu kimoja kilichobandikwa mahali pamoja. Faili laweza kuwa moja, lakini seva ya barua pepe ina milango mitatu, na kila mlango una bawabu wake anayeshika nakala yake. Nginx au Apache, programu za tovuti, hukaa kwenye poti 443 (poti ni namba ya mlango) na kupokea wanaofungua webmail. Dovecot huwapa simu barua zao kwa IMAP (njia ya kusoma barua zilizoko kwenye seva), poti 993, au 143 kwa walioweka STARTTLS, yaani muunganisho unaoanza wazi kisha kufungwa kwa siri. Postfix hupokea barua zinazotoka kwenye simu kupitia 587 au 465. Bawabu mmoja akilala, wenzake wanaendelea na kazi kama kawaida, ndiyo maana swali la kwanza si "cheti kimeharibika?" bali "ni mlango upi?"

Mwongozo huu unafuata seva ya aina ninayoikuta zaidi kwenye ofisi ndogo: Debian au Ubuntu, Postfix, Dovecot, Nginx, Roundcube kwa ajili ya webmail, na cheti cha bure cha Let's Encrypt, mamlaka ya kutoa vyeti, kinacholetwa na programu ya Certbot. Jina la mfano litakuwa mail.example.com. Weka lako.

Pima kila mlango

Fanya vipimo hivi kutoka nje, si ndani ya seva yenyewe. Mimi huwasha bando la simu na kuunganisha kompyuta hapo, kwa sababu ndani ya ofisi jina lilelile linaweza kuelekezwa na rauta kwenye anwani nyingine kabisa, ukajikuta unatibu mgonjwa asiye wako.

openssl s_client -connect mail.example.com:443 -verify_hostname mail.example.com </dev/null

openssl s_client -connect mail.example.com:993 -verify_hostname mail.example.com </dev/null

openssl s_client -connect mail.example.com:587 -starttls smtp -verify_hostname mail.example.com </dev/null

Yatamwagika maandishi mengi. Tafuta mstari unaoanza na "Verify return code". Ukiona 0, mlango huo ni mzima. 10 maana yake cheti kimeisha muda. 18 ni cheti kilichojitia sahihi chenyewe, hakuna mamlaka iliyokithibitisha. 20 au 21 mara nyingi ni cheti cha kati kilichosahaulika. 62 ni jina lisilofanana. Usiiache ile -verify_hostname: bila hiyo amri hukagua saini na tarehe tu, haijali jina, na itakupa 0 nzuri kabisa kwa cheti cha kampuni nyingine. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima kwa sababu ya sifuri ya namna hiyo.

Ukitaka kuona tarehe na majina yaliyomo, ongezea mwishoni mwa amri:

| openssl x509 -noout -dates -issuer -ext subjectAltName

Upande wa seva, fungua /var/log/mail.log au tumia journalctl -u dovecot. Simu ikikataa cheti huacha namba kwenye mstari wenye maneno "SSL alert number". 45 ni simu kusema cheti kimeisha muda. 48 ni kusema haimfahamu aliyekitoa. 42 na 46 ni kukikataa bila kufafanua sana. 70 haihusiani na cheti: pande mbili zimeshindwa kukubaliana toleo la TLS, ule usimbaji unaolinda muunganisho. Namba hizi huniaminisha zaidi kuliko ujumbe unaoonekana kwenye kioo cha simu, maana programu nyingi za barua huandika sentensi ileile kwa makosa matano tofauti.

Webmail nzima, kutuma kunakubali, kupokea kumegoma

Huyu ndiye mgonjwa wa asubuhi ya leo, na ndiye ninayemkuta kuliko wote. Poti 993 inatoa 10, nyingine zinatoa 0. Ukiingia kwenye seva na kuandika certbot certificates, unaambiwa cheti ni kizima na kina siku 60 mbele. Fundi mgeni huchanganyikiwa hapo: kipya kipo kwenye diski, simu inaona cha zamani.

Kisa ni tabia za mabawabu wenyewe. Cheti cha Let's Encrypt huishi siku 90, na Certbot hukihuisha zikibaki kama 30. Uliyekisakinisha kwa certbot --nginx, Certbot hupakia Nginx upya yenyewe baada ya kuhuisha, basi webmail inapata kipya siku hiyohiyo. Postfix naye ana bahati: vichakato vyake vya kupokea wateja havidumu, vinakufa na kuzaliwa vingine ambavyo husoma faili upya. Dovecot husoma cheti anapowashwa au anapopakiwa upya, kisha anakaa nacho kichwani. Hakuna aliyemwambia kuwa kuna kipya. Anaendelea kugawa cha zamani kwa mwezi mzima bila tatizo lolote, kwa kuwa cha zamani bado kilikuwa na siku 30. Siku ya 90 ikifika, simu zote zinagoma pamoja, na kila mtu anaapa kwamba hakuna aliyegusa kitu. Ni kweli, hakuna aliyegusa. Ndilo tatizo lenyewe.

Tiba ya papo hapo ni mstari mmoja:

systemctl reload dovecot

Simu zitaanza kupokea bila mtu kubadilisha chochote upande wake. Lakini ukiishia hapo utapigiwa tena simu kama hii. Tengeneza faili ndani ya /etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/, liite upendavyo, na uandike:

#!/bin/sh
systemctl reload nginx
systemctl reload postfix
systemctl reload dovecot

Kisha lipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x. Faili lisilo na ruhusa hiyo Certbot hulipita kimyakimya, na nimekuta seva mbili zenye hati (faili hilo la amri) safi kabisa ambayo haikuwahi kuendeshwa hata siku moja. Jambo jingine: certbot renew --dry-run haiendeshi hati za deploy katika hali yake ya kawaida, kwa hiyo jaribio kufaulu si ushahidi kwamba Dovecot atapakiwa. Iendeshe hati kwa mkono wako mara moja uone.

Wapo wanaotatua haya kwa kuiwasha seva upya kila mwezi. Inafanya kazi. Ila muda unaoruhusiwa kwa vyeti unazidi kufupishwa: watengenezaji wa vivinjari na mamlaka za vyeti walikubaliana mwaka 2025 kwamba cheti kinachoaminiwa na vivinjari kisizidi siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Hata aliyezoea kununua cha mwaka mzima na kukibandika kwa mkono atalazimika kuweka utaratibu wa kujiendesha. Halafu Let's Encrypt waliacha kutuma barua za kukumbusha tangu Juni 2025, kwa hiyo mlinzi uweke mwenyewe. Ninachotumia mimi ni kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) kwenye kompyuta nyingine, nje ya seva, inayopima poti 993 na 587 kila siku kwa openssl x509 -checkend 1209600 na kunitumia ujumbe zikibaki siku 14. Ipime poti, usipime faili. Faili halijawahi kuwa na shida.

Webmail nzima, lakini simu zimelalamika tangu siku ya kwanza

Poti 993 inatoa 21, na juu kidogo, chini ya maneno "Certificate chain", unaona cheti kimoja tu, namba 0. Hapa seva imetoa cheti chake bila cheti cha kati kinachokiunganisha na mamlaka ambayo simu inaifahamu. Ni sawa na kijana anayekuja kuposa peke yake: jina lake amelitaja, lakini hakuna mshenga wa kusema huyu ni wa nani.

Kwa nini basi kosa hilohilo likiwa kwenye Nginx kompyuta hailalamiki? Kwa sababu vivinjari vya kompyuta vimefundishwa kusamehe. Chrome huweza kwenda kukitafuta cheti cha kati chenyewe kwa anwani iliyoandikwa ndani ya cheti, na Firefox huja na orodha ya vyeti vya kati tayari. Programu nyingi za barua kwenye Android hazina uungwana huo. Kwa hiyo "kwangu kwenye Chrome inafunguka" si kipimo, na ninaomba mafundi wenzangu waache kuitumia kama kipimo.

Certbot huweka mafaili manne ndani ya /etc/letsencrypt/live/mail.example.com/. Wengi huchagua cert.pem kwa sababu ya jina lake, na ndiko wanakopotea. Linalotakiwa kwa milango yote mitatu ni fullchain.pem, likiambatana na privkey.pem. Kwa Postfix ni smtpd_tls_cert_file na smtpd_tls_key_file. Kama kuna smtpd_tls_chain_files tayari imeandikwa, hiyo ndiyo inayofuatwa na nyingine zinapuuzwa, kwa hiyo angalia kwa postconf kabla ya kubadilisha mstari usiosomwa. Kwa Nginx ni ssl_certificate na ssl_certificate_key.

Dovecot ana mtego wake. Kwenye matoleo ya 2.3 na ya nyuma, mstari huandikwa hivi:

ssl_cert = </etc/letsencrypt/live/mail.example.com/fullchain.pem

Ile alama ya < si kosa la uchapaji. Inamwambia Dovecot asome kilichomo ndani ya faili. Ukiifuta, atachukua njia ya faili kama ndiyo cheti chenyewe. Toleo la 2.4 lilipotoka mwaka 2025 wakabadilisha: sasa ni ssl_server_cert_file na ssl_server_key_file, na alama ile haitakiwi tena. Debian 13 inakuja na 2.4, kwa hiyo aliyepandisha seva kutoka Debian 12 usiku na kuamka asubuhi akakuta Dovecot hawaki kabisa, aanzie hapo. Andika doveconf -n na usome malalamiko yake, yako wazi.

Kama poti 587 peke yake inatoa 18, fungua main.cf ya Postfix uangalie kama bado kuna faili lenye neno "snakeoil". Hicho ni cheti cha kujazia nafasi ambacho Debian na Ubuntu hukiweka wakati wa kusakinisha. Aliyeandaa seva alimaliza webmail na IMAP, akasahau mlango wa kutokea.

Cheti ni kizima, lakini jina si lake

Namba 62. Sababu ya kawaida ni kwamba aliyeweka akaunti kwenye simu aliandika anwani ya IP, au aliandika example.com wakati cheti kimetolewa kwa mail.example.com. Cheti hakikisii. Kama majina ni mawili, yote mawili lazima yawemo ndani yake:

certbot certonly --nginx --cert-name mail.example.com -d mail.example.com -d webmail.example.com

Cheti cha nyota, *.example.com, hakilindi example.com yenyewe wala hakifiki ngazi ya pili kama imap.mail.example.com.

Kwa waliopanga nafasi kwenye seva ya pamoja yenye cPanel (paneli ya kuendesha hosting), sura ya tatizo ni nyingine: simu inaonyesha cheti chenye jina la kampuni ya hosting. AutoSSL, sehemu ya cPanel, ndiyo inayotoa vyeti vya mail.example.com huko, lakini haiwezi kutoa kama rekodi ya DNS (orodha inayoelekeza majina kwenye anwani) ya jina hilo inaelekea kwingine. Nilihamisha ofisi moja kutoka hosting moja kwenda nyingine, tovuti ikahama vizuri, kumbe rekodi ya "mail" imebaki kwenye anwani ya zamani. Siku tano simu zilikuwa zikigonga nyumba tuliyokwisha kuhama. Rekebisha rekodi, subiri ienee, endesha AutoSSL tena. Kwa dharura tumia jina la seva la kampuni hiyo kwenye mipangilio ya simu. Cheti chake kitafanana nalo.

Wanaotumia Cloudflare, huduma inayokaa mbele ya tovuti, waangalie rangi ya wingu kwenye rekodi ya mail. La chungwa hupitisha tovuti tu. Poti 993 na 587 hazipiti. Hapo hata onyo la cheti hutaliona, simu itazunguka mpaka ichoke. Lifanye la kijivu.

Kufuli iko sawa, nenosiri ni sahihi, Roundcube inagoma

Ukurasa unafunguka, unaingia, unapata "Connection to storage server failed". Watu hukimbilia kubadilisha nenosiri. Usihangaike nalo. Roundcube yenyewe ni mteja wa Dovecot kama simu ilivyo, na PHP, lugha iliyoandikiwa, hukagua vyeti tangu toleo la 5.6. Ukifungua config.inc.php mara nyingi utakuta ssl://localhost:993. Cheti hakina jina "localhost", kwa hiyo PHP inakikataa. Andika jina kamili:

$config['imap_host'] = 'ssl://mail.example.com:993';
$config['smtp_host'] = 'tls://mail.example.com:587';

Haya ni majina ya mipangilio kuanzia Roundcube 1.6; kabla ya hapo yalikuwa default_host na smtp_server. Kama kila kitu kiko kwenye mashine moja, localhost:143 bila TLS nayo inafaa, kwa kuwa mazungumzo hayatoki nje ya mashine. Ninachokipinga ni ule ushauri wa kuweka verify_peer kuwa false. Leo ni localhost, kesho mtu anahamisha Dovecot kwenye seva nyingine na mstari ule unabaki.

Certbot inashindwa kuhuisha

Mara nyingi poti 80 imefungwa na mtu aliyesikia kuwa ni hatari. Let's Encrypt inathibitisha umiliki kupitia hiyo, isipokuwa ukitumia njia ya rekodi ya TXT kwenye DNS, ambayo ndiyo inayofaa kwa seva za ofisini zisizo na anwani inayofikika kutoka nje. Kisababishi kinachofuata ni rekodi ya AAAA (ya anwani ya IPv6) iliyosahaulika: Let's Encrypt hupendelea IPv6 ikiikuta, na kama anwani hiyo inajibiwa na mashine nyingine, unafeli ukiwa unatazama IPv4 iliyo nzima. Mwisho angalia rekodi ya CAA, inayotaja mamlaka zinazoruhusiwa kutoa cheti, kwa dig CAA example.com +short; ikitaja mamlaka nyingine tu, Let's Encrypt haina ruhusa ya kutoa.

Jaribu kwa --dry-run mpaka ikubali. Ukifeli mara 5 ndani ya saa moja kwa jina moja unafungiwa kwa muda, na hakuna wa kumpigia simu akufungulie.

Simu moja tu ndiyo inayolalamika

Milango yote ni 0, ofisi nzima inapokea, isipokuwa simu ya mtu mmoja. Anza na tarehe. Simu iliyozima kabisa kwa betri huweza kuamka na mwaka wa zamani, na kwake cheti bado hakijazaliwa.

Ya pili ni umri wa simu. Android zilizo chini ya 7.1.1 hazina mzizi (cheti cha juu ambacho simu hukiamini) wa ISRG Root X1 ambao Let's Encrypt inautegemea. Kwa miaka kadhaa zilibebwa na sahihi ya mzizi mwingine, na mpango huo ulikoma mwaka 2024. Zilizo chini ya Android 5 zina tatizo la juu yake: TLS 1.2 haijawashwa kwa kawaida, na hapo ndipo utakapoona malalamiko ya toleo la TLS kwenye kumbukumbu. Kuna atakayekuambia ushushe ssl_min_protocol hadi TLS 1.0. Kwa ajili ya simu moja ya bosi, unawashusha wote. Namwambia bosi anunue simu, au atumie kompyuta.

Kama ofisi imeamua kujitengenezea mamlaka yake ya ndani, kwenye iPhone kusakinisha mzizi hakutoshi. Lazima uuwashe kwa Settings, General, About, Certificate Trust Settings. Kwenye Android kuanzia 7, programu nyingi haziamini mizizi iliyoongezwa na mtumiaji hata ukiisakinisha vizuri. Kwa vile cheti halali ni bure, sioni faida ya safari hiyo.

Na usimruhusu mtu afute akaunti na kuiweka upya kama "jaribio", hasa ya POP, inayoshusha barua kwenye simu. Barua zilizokwisha kushushwa na kufutwa kwenye seva zitaondoka nayo.

Ya mwisho ni mahali alipo. Kama analalamika akiwa hotelini au uwanja wa ndege, na jina lililo kwenye cheti halihusiani na ofisi, basi wi-fi ya pale imejiweka katikati. Inaweza kuwa ni ukurasa wa kuingia wa hoteli tu. Inaweza kuwa mtu anayesubiri nenosiri, na anayebonyeza Endelea analikabidhi. Azime wi-fi, awashe bando, ajaribu tena. Onyo likitoweka, seva yako haina kosa. Kama alishabonyeza, abadilishe nenosiri akiwa kwenye bando, kisha afungue mipangilio ya akaunti aangalie kama hakuacha chaguo la kukubali vyeti vyote. Likiwa limewashwa, simu hiyo haitalalamika tena popote, hata pale inapopaswa.